Sekunde Mbili

Mimi kazi yangu ni saa.
Nasimama ukingoni, mstari wa sita,
viatu vimelowa, kidole gumba juu ya kitufe,
kwenye bwawa la shule moja ya kulipia hapa Jinja
ambako Jumamosi moja kila mwezi watoto hushindana
na wazazi huketi chini ya turubai na soda zao.

Saa haiulizi mtoto amezaliwa wapi.
Ndivyo tulivyokuwa tukijisifu, sisi wenye saa.

Basi akaja Nakirya wa Masese,
miaka kumi na miwili, masikio yamezibwa na surua tangu utotoni,
aliyejifunza kuogelea kwa kukumbatia jerikeni tupu la manjano
hadi siku jerikeni lilipopasuka, naye akaendelea.
Vazi la kuazima, kamba ya begani imepigwa fundo.
Kofia ya mpira ilikataa kuingia juu ya misuko yake;
kofia zote ndani ya lile boksi
zilikuwa zimemfikiria mtu mwingine.

Honi ikalia.
Watano wakaruka.
Yeye akabaki juu ya jiwe la kuanzia, magoti kayakunja,
macho majini,
mpaka alipoona povu la jirani
ndipo akajua kumekucha.

Nilibonyeza alipogusa ukuta. Arobaini na moja nukta mbili.
Nikaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri.
Nilijua, na kalamu ilijua,
kwamba sekunde mbili ndani ya ile namba hazikuwa zake.
Zilikuwa zetu.
Tulimtwika mzigo, kisha tukampima uzito.

Nikamwendea Bwana Wabwire mwenye honi.
Akasema, Kanuni ni moja kwa wote.
Nikasema, Ndiyo, na wote wenyewe ni watano.
Akacheka kidogo, akafuta miwani, hakunijibu.

Nimekulia kambini, kwenye nyumba za bati za askari,
ambako Kiswahili kilikuwa cha amri kabla ya kuwa cha mapenzi.
Nilimwona baba yangu, sajini, homa imemkausha sauti,
akiwaendesha watu mia mbili uwanjani kwa mkono tu:
mkono juu, kimya;
mkono chini, buti mia nne.
Sikusikia mtu akisema kwamba amri ya mkono ni upendeleo.

Mwezi uliofuata nilileta kitambaa chekundu.
Kilikuwa pazia la jikoni kwangu.
Hetal wa Kakira, bingwa wa mstari wa nne,
mwenye jozi tatu za miwani ya kuogelea na mwalimu wake peke yake,
ndiye aliyekipokonya mkononi mwangu akampelekea Wabwire.
Mzee, alisema, nimechoka kumshinda mtu ambaye hajaanza.

Mama mmoja chini ya turubai akanung'unika
kwamba kitambaa kitawachanganya watoto wengine.
Hakikumchanganya hata mmoja.
Honi ikalia, pazia langu likashuka,
na watoto sita wakayapasua maji kwa kishindo kimoja.
Aliyechelewa siku hiyo ni mimi:
nilikuwa namtazama, nikasahau kidole,
ikabidi tutumie saa ya akiba, ya mwenzangu Auma.

Hakushinda. Wa tatu. Thelathini na tisa kamili.
Fundo la begani lilikuwa limefunguka;
Hetal akamfungia, bila neno, kwani aseme nini.

Kofia kwenye boksi bado ni zile zile.
Ada ya kuingia bado ni elfu kumi,
na Masese kuna watoto ambao sijawahi kuwapima.

Nilimwonyesha namba. Akaikazia macho muda mrefu,
akanionyesha ukuta, kisha kiganja chake,
akatikisa kichwa kwa hasira: aligusa vibaya.
Nusu sekunde, alisema kwa vidole,
akajipiga kifuani.
Hiyo ni yangu.